Tamathali inayofanya kazi na inayojipitisha tu

Mashuleni tamathali za usemi hufundishwa kwa orodha: tashbihi, sitiari, tashihisi, chuku, kejeli, takriri, tasfida na nyingine chungu nzima. Kila moja ina maana yake ya mstari mmoja na mfano wake mmoja. Mtihani ukifika, mwanafunzi hupewa mshororo wa shairi na kuulizwa ni tamathali gani imetumika. Zoezi hilo linamfunza kuzitambua. Kuziandika ni shughuli nyingine, ndiyo maana mtu anaweza kupata alama zote katika swali hilo, kisha akaandika insha ambamo moyo unadunda kama ngoma, macho ni mekundu kama damu na machozi yanatiririka kama mto, yote ndani ya aya moja.

Aya hiyo ina tamathali tatu na haina picha hata moja. Msomaji amekwisha kukutana nazo mara nyingi mno, hivyo jicho linaziruka. Anachopata ni "ana hofu", "amekasirika", "analia", basi. Mwandishi angeyaandika hayo hayo makavu asingepoteza kitu, na angeokoa nusu ya maneno.

Kwa hiyo tuanze na kipimo kikali kidogo. Tamathali ina haki ya kukaa kwenye sentensi pale maneno ya kawaida yanaposhindwa kuonyesha jambo, au yanapohitaji sentensi tano kulionyesha. Maneno ya kawaida yakitosha, yaachwe yafanye kazi yake.

Ndani ya mfananisho mmoja

Mwaka 1936 mhakiki wa Kiingereza I. A. Richards alipendekeza sitiari igawanywe sehemu mbili: kile kinachozungumziwa, na kile kinacholetwa kutoka kwingine ili kukizungumzia. Kati ya hizo mbili pana kiungo, yaani kile wanachoshirikiana. Mgawanyo huo unafaa vilevile kwa tashbihi, yaani mfananisho unaotumia kiunganishi kama "kama", na ndiyo nyenzo bora ya kupima kama mfananisho una nguvu au ni kelele.

Chukua sentensi hii: "Ukumbi ulinyamaza kama kaburi." Kinachozungumziwa ni ukumbi, kilicholetwa ni kaburi, kiungo ni ukimya. Kimoja tu. Na hicho kimoja kilikwisha kusemwa na kitenzi "ulinyamaza", kwa hiyo kaburi limekuja mikono mitupu. Baya zaidi, limekuja na mauti, na pengine kwenye ukumbi huo hakuna aliyekufa wala anayekaribia kufa.

Sasa hii: "Ukumbi ulinyamaza kama darasa lililosikia viatu vya mwalimu." Hesabu viungo. Ukimya umekuja ghafla. Umetokana na woga wa mtu ambaye bado hajaonekana. Waliomo walikuwa wakifanya jambo ambalo wasingelifanya mbele yake. Na ukimya wenyewe ni wa muda: viatu vikipita, kelele zinarudi. Viungo vinne kwa maneno sita ya ziada, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kimesemwa na "ulinyamaza". Ukitaka kujua kama tashbihi yako inastahili, fanya hesabu hii. Yenye kiungo kimoja ambacho kitenzi kimeshakitaja, ifute bila huruma.

Viunganishi navyo vina tabia zake. "Kama" ni kiraka cha kila nguo, lakini pia hubeba masharti ("kama atakuja"), kwa hiyo sentensi yenye "kama" mbili za maana tofauti humkwaza msomaji: "Kama angekimbia kama jana, angeshinda." Badilisha moja: "Angekimbia kama jana, angeshinda." "Mithili ya" na "mfano wa" hutangulia nomino na huleta uzito wa maandishi ya kale, ndani ya maongezi ya vijana wawili husikika kama kanzu ya kukodi. "Kana kwamba" hutaka sentensi nzima nyuma yake na hubeba wazo kwamba jambo lenyewe si kweli: "alinitazama kana kwamba nimemwibia." "Utadhani" hufanya kazi hiyohiyo kwa lugha ya mtaani zaidi, tena humwingiza msomaji kama shahidi.

Sitiari huondoa kiunganishi. Aristotle alikwisha kusema katika karne ya 4 kabla ya Kristo kwamba tofauti ya tashbihi na sitiari ni ndogo: ukisema shujaa Achilles aliruka kama simba, hiyo tashbihi, ukisema "simba aliruka" ukimaanisha Achilles, hiyo sitiari. Tofauti ni ndogo katika umbo, lakini kwa mwandishi ina matokeo makubwa, maana sitiari humtaka msomaji akitafute kiungo mwenyewe. Kikiwa mbali, anapotea. "Bosi wao alikuwa saa ya ukutani" inamwacha akijiuliza: anachelewa? Anapiga kelele? Yuko juu? Tashbihi inampa mwandishi nafasi ya kueleza: "Bosi wao alikuwa kama saa ya ukutani: kila mtu alimtazama, yeye hakumtazama mtu." Kiungo kikishakaa, kurasa mbili mbele unaweza kuandika "saa ikaingia ofisini" na msomaji akatabasamu. Tashbihi hufungua njia, sitiari hupita. Mwandishi anayeanza na sitiari ngumu anaruka hatua ya kwanza.

Upepo uliopekua karatasi

Tashihisi, yaani kumpa uhai asiye nao, ndiyo inayoharibiwa zaidi na maelezo ya ziada. "Upepo uliingia kama mtu na kuanza kupekua kama mwizi" imejieleza hadi ikachosha. Vitenzi peke yake vinatosha: "Upepo uliingia dirishani, ukapekua karatasi mezani, ukatoka bila kufunga mlango." Hakuna aliyetaja mwizi wala mtu. Vitenzi vitatu, "ingia", "pekua", "toka", vimemjenga, na hilo la kutofunga mlango limempa hata tabia mbaya.

Tazama upatanisho wa kisarufi: uliingia, ukapekua, ukatoka. Upepo umebaki katika ngeli yake. Ukiandika "Upepo aliingia, akapekua", kwa herufi kubwa, umevuka mpaka. Sasa una mhusika kamili, kama wanyama na dhana zinazotembea katika ngano na hadithi za mafumbo. Njia zote mbili ni halali. Kosa ni kuyumba: Njaa "anabisha hodi" katika aya ya kwanza na "inaondoka" katika ya pili, bila sababu. Amua mapema kama unaupa upepo matendo ya mtu au unaugeuza mtu, kisha ushike njia hiyo hadi mwisho.

Kuna ugonjwa mwingine hapa. Mhusika akilia, mbingu nazo zinalia; akifurahi, jua linacheka. Mhakiki John Ruskin aliulalamikia mtindo huo mwaka 1856, na bado uko hai. Unavunja mambo kwa sababu ulimwengu mzima unageuka mtumishi wa hisia za mtu mmoja. Mara nyingi uchungu huuma zaidi pale dunia isipojali: msiba uko ndani, nje kuna jua zuri na watoto wanacheza.

Tanakali, mali ambayo tunaichezea

Waandishi wengi wa leo huiona tanakali ya sauti, yaani neno linaloiga mlio au hali, kama kitu cha hadithi za watoto. Wanajinyima. Kiswahili kina utajiri mkubwa hapa, na kazi yake si mlio pekee. Funguo zikiponyoka mkononi, tanakali inaeleza zimeangukia wapi: chubwi ni majini, tifu ni mchangani, tapwi ni matopeni. "Funguo zikamponyoka, chubwi." Maneno matatu, na msomaji ameshajua kwamba mtu yuko kandokando ya maji, kwamba zimezama, na kwamba safari ya kurudi nyumbani imeingia dosari. Jaribu kuyasema hayo bila tanakali uone utahitaji maneno mangapi.

Kundi jingine ni la zile zilizofunga ndoa na maneno yao: meupe pe, meusi tii, kimya jii, kulala fofofo, kujaa pomoni, kujifunika gubigubi, kunuka fee. Hizi hazibadilishani wenzi. Hakuna "nyeusi pe". Kwa kuwa zimezoeleka, zinakazia tu, hazichori picha mpya, kwa hiyo usiziongezee tashbihi juu yake. "Kimya jii kama kaburi" ni mzigo mara mbili kwa punda yuleyule.

Mahali pake panapofaa zaidi ni mwisho wa sentensi, baada ya mkato, pasipo na kitu nyuma yake. Ikiwekwa katikati, maneno yanayofuata huimeza. Alama ya mshangao ni ya hiari, na mara nyingi "chubwi" ya utulivu hutisha kuliko "chubwi!!!".

Zinazotaka mkono mwepesi

Chuku, yaani kutia chumvi, ina kanuni moja: ivuke mipaka ya uwezekano, au isiwepo. "Alisubiri hadi ukuta ukamzoea" haimdanganyi mtu. "Alisubiri saa tisa" kumbe zilikuwa mbili, huo ni uongo, kwa sababu saa tisa zinawezekana. Chuku ya katikati ni hatari hasa katika makala za habari na ripoti, ambako msomaji huchukua kila tarakimu kama ilivyo. Ukiandika "maelfu walifurika" ukimaanisha "wengi", kuna mtu atakayenukuu maelfu.

Kejeli ni ngumu kwenye maandishi kwa sababu sauti na uso havipo. Inategemea mpangilio: weka ukweli mbele, sifa nyuma, usieleze. "Barabara ilizinduliwa Januari. Machi ilikuwa na mashimo. Kazi nzuri." Ukianza na "Kazi nzuri", nusu ya wasomaji watadhani unasifu hadi wafike kwenye mashimo, na wengine hawafiki. Kiswahili kinatupa pia "eti", neno dogo linaloweka umbali kati ya mwandishi na anachokiripoti: "Eti mradi umekamilika." Moja kwa makala nzima inatosha. Zikiwa tano, mwandishi anaonekana mwenye kinyongo, na hoja inapoteza heshima hata kama ni ya kweli.

Tasfida, yaani kulisema jambo gumu kwa maneno laini, ina nyuso mbili, na mwandishi anapaswa kujua ni upi anaoutumia. "Amefariki", "amejifungua", "haja ndogo" humlinda msikilizaji asiumizwe au asiaibike. "Bei zimerekebishwa" kwa maana ya zimepanda, au "wafanyakazi wamepunguzwa" kwa maana ya wamefukuzwa, humlinda mtendaji. Njia ya kuzitofautisha ni kuuliza nani ananufaika na ulaini huo. Akiwa ni yule aliyefanya jambo, andika jambo lenyewe.

Swali la balagha, yaani lisilosubiri jibu, lina udhaifu mmoja tu: msomaji anaweza kulijibu. "Nani asiyependa kusoma?" Wapo wengi. Litumie pale ambapo jibu ni moja na haliepukiki, vinginevyo sema unachotaka kusema.

Takriri nayo hutofautiana na uzembe kwa mahali. Neno likirudi mahali palepale pa sentensi, sikio linatambua kusudi: "Alingoja barua. Alingoja simu. Alingoja hata salamu za kupitishiwa." Neno hilohilo likitawanyika hovyo, mara mwanzo, mara katikati, linasomeka kama umaskini wa msamiati. Angalia pia kwamba vitu vitatu hivyo havilingani. Vinapungua: barua ina kurasa, simu ina dakika, salamu ni neno moja kupitia mdomo wa mtu mwingine. Takriri isiyosogea popote huchosha ifikapo ya tatu.

(Wanafunzi hupoteza muda mwingi wakibishana kama "majazi" ni jina la mhusika linaloendana na tabia yake au ni kitu kusimamia kingine kinachohusiana nacho, na kama istiara na sitiari ni ndugu au ni mtu mmoja. Vitabu havikubaliani. Kwa mtihani, fuata kitabu cha mwalimu wako. Kwa kuandika, haijalishi.)

Tamathali zilizolala

Meza ina miguu, chupa ina mdomo, saa ina mikono. Hakuna anayeona mwili wa mtu hapo tena. Hizi ni sitiari zilizokufa na kugeuka maneno ya kawaida, wala hazina madhara. Zenye madhara ni zile zilizo kati ya uhai na kifo: kuzaa matunda, kugonga mwamba, kushika kasi, kufungua milango, kuwasha moto, kupanda mbegu. Mwandishi hazioni, lakini picha zake bado zinapumua, na zikikutana zinapigana. Sentensi kama hii haikosekani kwenye hotuba na taarifa za vyombo vya habari:

"Viongozi wamepanda mbegu ya mabadiliko ambayo imewasha moto utakaofungua milango ya maendeleo."

Ichore kwenye karatasi. Mbegu inawaka moto. Moto unafungua mlango. Mbegu inayowaka haioti, na mlango uliofunguliwa na moto hauna nyumba nyuma yake. Aliyeandika hakutazama, alikuwa anaunganisha vipande vilivyokwisha kutengenezwa. Marekebisho yake ni kuchagua picha moja na kuifuata: "Viongozi wamepanda mbegu ya mabadiliko. Sasa kazi ni kupalilia." Au kuachana na picha zote na kusema ni mabadiliko gani, yalianza lini, nani amefaidika. Mara tisa kwa kumi, njia hii ya pili ndiyo bora, na ndiyo inayoogopwa, kwa sababu inafichua kwamba mwandishi hakuwa na jambo la kusema.

Lakini tamathali iliyolala inaweza pia kuamshwa kwa makusudi, na hapo huwa kali kuliko mpya. Mbinu ni kuichukulia neno kwa neno kwa sekunde moja. "Mazungumzo yamezaa matunda, ila mabichi." "Mkutano ulivunjika, na kila mtu akaondoka na kipande chake." Msomaji alikuwa anapita juu ya "kuvunjika" bila kukanyaga, ghafla kikawa kitu kilicho sakafuni. Kwa kuwa picha ilikuwemo ndani ya lugha tangu zamani, hajisikii kwamba amelazimishwa.

Methali hukubali mbinu hiyohiyo. Kufungua makala kwa "Wahenga walisema" na methali nzima kumechakaa hadi kunyooka. Methali nyingi za Kiswahili zina pande mbili, na msomaji anazijua zote, kwa hiyo mpe upande mmoja tu, upande wa pili ataumalizia kichwani na kujiona mshirika. Au mpe upande wa kwanza kisha mgeuzie wa pili: "Alichumia juani, kufika kivulini, akakuta wameshakula." Malalamiko yote ya mfanyakazi aliyedhulumiwa yamo humo, na hakuna neno "dhuluma".

Picha zinazofikiri kwa niaba yetu

Mwaka 1980 mwanaisimu George Lakoff na mwanafalsafa Mark Johnson walionyesha kwamba sitiari haziishi kwenye mashairi peke yake. Zimejaa kwenye maongezi ya kila siku na huongoza namna tunavyofikiri. Kiswahili kinathibitisha hilo bila shida. Muda tunautumia, tunaupoteza, tunauokoa, kana kwamba uko mfukoni. Hasira inatupanda, inatuwaka. Hoja tunaishambulia, tunaitetea, tunaiangusha: huo ni uwanja wa vita. Lakini hoja hiyohiyo ina msingi, inajengwa, inabomoka: hilo ni jengo.

Kwa mwandishi, hapa pana uamuzi wa kweli. Ukieleza mdahalo kwa lugha ya vita, unahitaji mshindi na mshindwa, na msomaji atausubiri ushindi. Ukieleza kwa lugha ya ujenzi, watu wawili wanaopingana wanaweza kuwa mafundi wa nyumba moja. Mdahalo ni uleule. Kilichobadilika ni kile msomaji atakachokiona na kile kitakachofichika. Maradhi ni mfano mchungu zaidi. Tunasema mgonjwa "anapambana" na saratani, kisha akifa inakuwa "ameshindwa", kana kwamba hakukaza. Mwandishi wa Marekani Susan Sontag aliupinga mtindo huo mwaka 1978, na hoja yake inasimama: picha ya vita inamtwisha mgonjwa lawama ambazo si zake. Si lazima kuitupa kabisa, maana wapo wagonjwa wanaoipenda. Ila mtu asiitumie kwa mazoea.

Katika maandishi ya kufundisha, mfananisho hufanya kazi kubwa na huvunjika mahali panapojulikana. Umeme huelezwa kwa maji ndani ya bomba: msukumo wa maji ni volteji, kiasi kinachopita kila sekunde ni mkondo, wembamba wa bomba ni ukinzani. Hapo mwanafunzi anaelewa kwa nini waya mwembamba huzuia mkondo zaidi kuliko mnene wa urefu na metali ileile. Kisha bomba linakatwa, na maji yanamwagika. Waya ukikatwa, umeme haumwagiki. Mkondo unakoma, kwa sababu unahitaji njia iliyofunga mzunguko. Tena bomba linaweza kuwa tupu, ilhali waya una elektroni zake ndani hata swichi ikiwa imezimwa. Mwalimu mzuri husema hapohapo: mfano wa maji unatufikisha hapa, kuanzia hapa tuuache. Mwandishi asiyeweka alama hiyo huacha kosa kichwani mwa msomaji, na kosa lililoingia kwa picha nzuri ni gumu kulitoa.

Aya moja, mara tatu

Tuseme unaandika juu ya mwanamke anayesubiri habari za ndugu yake mgonjwa. Simu inaita. Rasimu ya kwanza ya watu wengi inakuwa hivi:

"Simu iliita kama king'ora. Moyo wa Neema ulidunda kama ngoma. Jasho lilimtoka kama maji. Mikono yake ilitetemeka kama jani, na giza la hofu likamfunika kama blanketi."

Mifananisho mitano, kila mmoja wenye kiungo kimoja, na inavuta pande tano. King'ora kinakimbiza, blanketi linatuliza. Hatumuoni Neema, tunaona ghala la vitu. Toa vyote:

"Simu iliita. Neema aliitazama. Hakuipokea."

Hii inasomeka. Ina wasiwasi wake, na kwa waandishi wengi ingekuwa busara kuishia hapo. Lakini kuna kitu halisi ndani ya chumba ambacho hakijatazamwa: simu yenyewe, ikiwa imezimwa mlio, inatetemeka juu ya meza.

"Simu ilianza kutetemeka mezani. Neema aliitazama ikijisogeza kidogo kidogo kuelekea ukingoni, kama mdudu asiyejua aendako. Ilipofika ukingoni ikanyamaza."

Mfananisho mmoja. Mdudu ameleta mlio, mwendo, upofu, na ile hisia ya kutotaka kugusa, ambayo ndiyo hofu ya Neema yenyewe, ijapokuwa neno hofu halipo. Moyo wake hatukuusikia ukidunda na hatuna haja. Angalia pia kwamba tamathali imezaliwa kutokana na kitu kilichokuwepo. Haikuagizwa kutoka nje. Mwandishi anayekwama kutafuta mfananisho mara nyingi anatafuta mbali mno, wakati jawabu liko mezani likitetemeka.

Na mdudu huyo ni wa Neema. Tamathali ni macho ya mtu fulani. Msimulizi akiwa mtoto wa miaka minane, hawezi kufananisha ukimya na soko la hisa lililoporomoka. Mvuvi hupima umbali kwa kitu kimoja, dereva kwa kingine, mshonaji kwa kingine. Riwaya yenye wahusika sita wanaofananisha vitu kwa namna moja ina mhusika mmoja tu, naye ni mwandishi.

Wakati wa kuhariri, chukua penseli upigie mstari kila tamathali, pamoja na zile zilizolala. Aya yenye mistari mitatu au zaidi irudie: bakiza yenye viungo vingi, zilizobaki zigeuze maneno ya kawaida uone kama kuna kilichopotea. Zile zilizopakana zichore kwenye karatasi, kama ile mbegu na moto. Kisha soma kwa sauti ukisikiliza "kama" peke yake. Zikija mbili karibu karibu, moja inaweza kuingizwa ndani ya kitenzi, na hapo ndipo Kiswahili kinapokuwa mkarimu, kwa sababu vitenzi vyake vimebeba picha tayari. "Alitembea kama nyoka kati ya viti" inakuwa "alijipenyeza kati ya viti". "Alikula kama mtu mwenye njaa kali" inakuwa "alifakamia". "Alimtazama kwa jicho baya kama adui" inakuwa "alimkodolea macho".